Alama Chini ya Udongo

«Mama Suzanne, kama alama ni ya kuonyesha watu, juu ya nini munaifukia chini ya udongo?»

Ni Mama Ornella, jirani wa ngambo ya njia, njo aliuliza vile, siku avenue yao, watu wote wa njia ile, walipokuwa wanasimamisha miti ya courant, ya kuleta umeme. Alikuwa na beseni ya maji kwenye kichwa, maji ya kunywesha wanaume waliokuwa wanachimba mashimo, na aliuliza kwa kucheka. Mama Suzanne naye alicheka. Hakujibu, kwa sababu jibu lilikuwa la bwana yake, na bwana yake alikuwa amechutama karibu na moto, anangojea chuma iwe nyekundu.

Toka siku ile imepita miaka kumi na mitano. Ulizo lile halikumutoka Mama Suzanne kichwani.

Chuma yenyewe ilikuwa ya ng'ombe. Floribert, bwana yake, alikuwa mufugaji kule upande wa Bule, mutoto wa mufugaji, mujukuu wa mufugaji. Vita ilipofika walikimbilia Bunia kwa miguu, ng'ombe zikabakia kwa wale waliozikuta. Vitu vyote walivyookoa vilienea mu kitunga kimoja: blanketi, sufuria, rozari ya mama yake, na ile chuma ya kutia ng'ombe alama, pembe mbili na mustari mufupi chini yake. Njiani Mama Suzanne alimukasirikia sana. Mutu anaacha sahani, anabeba chuma? Floribert akamujibu pole pole: «Sahani tutaazima. Hii nitaiazima kwa nani?»

Kufika Bunia, walipata kiwanja mu avenue ya juu ya parokia, fasi ya watu wa kila namna: wafugaji waliokimbia kama wao, walimu, wachuuzi, watu wa machimbo ya zahabu. Courant ilikuwa inapita mbali kidogo, kwa wakubwa. Wao walikuwa na taa ya petroli. Siku moja wakatuma watu kwenye société ya Serikali, kampuni ya courant, kuuliza. Wakajibiwa: «Courant iko. Lakini Serikali haina miti, haina kamba za courant, haina transfo, ile mashini ya kugawa courant. Mukinunua vyote, tutakuja kuwaunga.»

Mutu wa inchi nyingine anaweza kufikiri ni mucheko. Hapana. Hapa kwetu vile njo inafanyikaka: Serikali inakuuzia moto, na weye unaleta jiko, sufuria na kuni.

Basi avenue ikaleta. Wakaunda komite, wakamuweka Anaclet kuwa président. Anaclet alikuwa rafiki ya Floribert toka kule Bule, alisimamia ubatizo wa mutoto wao wa kwanza, na alimwita Mama Suzanne shemeji sawa vile alizaliwa tumbo moja na bwana yake. Ni yeye aliyesema namna ya kuchanga. «Tutafanya sawa vile tulijenga kapela,» akasema. «Mufuko moja, kila mutu anatia mukono ndani, mukono umefungwa. Hakuna kuandika majina. Tukiandika, mwenye kutoa kidogo atapata haya.»

Watu wote wakasema Amina. Hata Abdoul, mutu wa chimbo, Mwislamu ambaye hakuingia mu kapela hata siku moja, alitia mukono mu mufuko kama wengine, na walipoumwaga juu ya meza kukatoka zahabu iliyofungwa mu karatasi ya sigara. Wote walijua ni yake. Hakuna aliyesema.

Fasi ile njo walikosea. Walifanya mambo ya courant kama vile mutu anafanya mambo ya Mungu. Mungu anakumbuka bila karatasi. Société haikumbuke.

Transfo ilinunuliwa ngambo ya mupaka, ikapita douane, fasi ya kulipa ushuru, kule Aru, ikaingia Bunia juu ya lori, imefungwa na kamba kama mufungwa. Miti ilitoka njia ya Komanda, kaliptusi makumi mawili na saba. Wamama waliichuna maganda na panga, wanaume wakaipaka goudron, lami ya kuzuia kuoza. Na mbele ya kuisimamisha, Floribert akatoa chuma yake.

Kukawa manunguniko. Wengine walisema: akitia alama ya ng'ombe zake, kesho atasema miti ni yake. Floribert hakukasirika. Akasema: «Tutatia upande wa chini, ule unaoingia mu shimo. Mimi sisemi muti ni wangu. Ninasema muti uko na wenyewe. Mutu asiyejua hataona, na Mungu ataona.» Na kwa kweli mikono yake ilikuwa imetamani kazi ile. Mutu aliyetia alama ng'ombe mia, sasa hana hata ndama, akipewa kaliptusi atafurahi.

Alitia alama miti yote. Anaclet njo aliyekuwa anamushikia miti isizunguke. Kwa muti wa kumi na saba goudron ilikuwa bado mubichi, chuma ikateleza, ikavuta alama pembeni, kisha ikaruka na kumupiga Anaclet mu kiganja cha mukono wa kuume. Akapiga kelele kama mutoto. Wamama wakakimbia na mafuta. Ilipopona, kukabakia pembe moja mu kiganja chake, wazi kabisa, na kwa miaka mingi kila sikukuu watu walimuchokoza: «Ee! Ng'ombe ya Floribert imefika! Muifungue kamba, ikule majani!» Naye alikuwa anainua mukono na kulia muuu, watu wanacheka mpaka machozi.

Société ya Serikali ikaja. Watu wawili, ngazi moja. Wakakula kuku tatu, wakaunga kamba, wakaenda. Toka siku ile facture, karatasi ya kulipa, ilifika kila mwezi bila kukosa, na courant ilifika mara mbili kwa juma, ikipenda. Siku transfo ilikuwa muzima, société ilisema: transfo yetu, musiiguse. Siku transfo iliungua, société ilisema: transfo yenu, mutengeneze. Wakaitengeneza mara tatu. Mwaka wa sita Floribert akafariki kwa ugonjwa wa figo, na facture ikaendelea kuja na jina lake. Mama Suzanne alienda kule bureau, akawaonyesha karatasi ya kifo. Wakamwambia: «Mama, yeye njo mwenye kuandikwa. Marehemu anaweza kuwa mteja.»

Sasa mwaka huu Serikali ikasema imechoka. Ikatangaza mu radio kwamba mambo ya courant yamefunguliwa, na kwamba mu Bunia société moja ya watu binafsi itachukua réseau ya quartier yao, miti na kamba zote za mutaa ule, ilete mashini za jua, ilete miti ya chuma, na courant itakuwa mchana na usiku. Mama Suzanne alisikia habari ile akisonga bugali, na akashukuru. Musifikiri kwamba alichukia société mupya. Alitaka courant kama watu wote. Mujane anayeshona mashuka ya hospitali na mashini ya miguu, na macho yake yamechoka, anaweza kukataa courant namna gani?

Siku ya kwanza ya juma waliitwa wote mu shule ya musingi, na injinieri akawaeleza. Jina lake Serge, mutu wa kutoka Kinshasa, mupole, viatu safi. Alisema Serikali imeipa société miti, kamba na transfo, na kila nyumba itaandikwa kuwa mteja mupya na italipa kuungwa, mbele ya yote. Kisha akataja bei. Ni bei ya ng'ombe. Asiyelipa, kamba yake inakatwa.

Abdoul akasimama. «Injinieri, miti ni yetu. Transfo ni yetu. Serikali inatoa namna gani kitu haikununua?»

Serge akafungua kitabu chake. «Papa, uko na haki. Sheria yetu inasema: kama wakaaji walijenga réseau wenyewe, wanaungwa bure. Leteni tu ushuhuda. Facture ya transfo, liste ya waliotoa, karatasi moja tu.»

Watu wakaangaliana. Karatasi ya transfo ilibakia bureau ya Serikali siku ile ya kuku tatu. Liste haikuandikwa. Wote wakageuka kumutazama Anaclet, président wa komite, yeye mwenyewe ushuhuda wenye miguu. Na Anaclet alikuwa amekaa mbele, karibu na injinieri, amevaa gilet ya kazi, kikoti kile cha wafanyakazi, ya rangi ya machungwa yenye jina la société mgongoni. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

«Papa Anaclet atatoa ushuhuda siku ya posho, mwisho wa juma,» Serge akasema. «Tutaandika procès-verbal, karatasi ya ushuhuda wake, yeye ataweka sahihi, chefu wa quartier atapiga muhuri. Kisha hapo, mambo imekwisha.»

Kesho yake Mama Ornella akaingia kwa Mama Suzanne bila hata kupiga hodi, kilemba kimeanguka kwenye shingo.

«Nimeona ile karatasi kwa chefu. Nilisoma mimi mwenyewe, na macho yangu haya. Wameandika: réseau yote ilijengwa na Serikali. Yote! Na chini kabisa: mushahidi, Anaclet.»

«Ulisoma muzuri?»

«Mama Suzanne, mimi nilifika mwaka wa sita wa shule, unanipita mwaka moja?» Akajiangusha kwenye kiti. «Wamemupa gilet. Tumeuzwa kwa gilet!»

Mama Suzanne hakulia, hakupayuka. Alisali fungu moja la rozari, akaenda kukaa na mashini yake ya kushona nje, chini ya baraza, fasi anaweza kuona avenue mupaka mwisho. Kule chini, wafanyakazi wa société walikuwa wameanza kungoa miti ya zamani. Alishona na kuangalia. Aliona namna walivyofanya: wanachimba, wanavuta na kamba, muti unalala, kisha wanakata upande wa chini, ule uliooza kidogo, wanaupasua, na upande wa juu unapanda lori. Saa ya midi moshi ukapanda. Sufuria ya maharagi.

Akaacha shuka nusu, akashuka. Alipofika karibu, aliona kipande cha kaliptusi kinaungua chini ya sufuria, na kwenye kile kipande, katikati ya moto, pembe mbili na mustari mufupi chini yake.

Mutu anaweza kusimama karibu na moto na mwili wake ukapata baridi. Floribert alikuwa ameweka alama fasi mwizi hawezi kuifikia, na sasa ilikuwa inapika maharagi ya watu waliokuja kusema haiko. Kwa moyo wake wote Mama Suzanne alitaka kupindua ile sufuria. Hakuipindua. Wale watu walikuwa na njaa, na hawakujua kitu.

«Kapita,» akamwambia mukubwa wao, «hizi kuni zenu zinatoa moshi mingi.»

«Mama, ni goudron! Tunakula maharagi inanuka barabara!» Wote wakacheka.

«Mimi niko na kuni kavu kwa nyumba. Nitawaletea kitita. Munipe vile vipande vya chini.»

«Hii? Imeoza, mama. Utaifanya nini?»

«Hata mimi nimeoza nusu, na bado ninafanya kazi.»

Kapita akapiga mikono. «Leta kitita, mama. Chukua yote, hata na udongo wake.»

Hivi kila siku Mama Suzanne aliteremka na kitita cha kuni kavu, akapanda na vipande vya kaliptusi mu beseni. Watu walifikiri anatengeneza zizi la mbuzi. Alikuwa anahesabu. Kumi na mbili. Kumi na ine. Siku ya tatu, muti wa kumi na saba ulilala, mbele ya nyumba ya Anaclet mwenyewe. Mama Suzanne alipangusa udongo na kitambaa, akaona alama iliyovutika pembeni. Akabeba kipande kile peke yake, hakukubali Mama Ornella amusaidie. Kwa nyumba akakikata sawa, akakisimamisha karibu na meza, akakifunika na kitenge. Kilikuwa sasa kiti.

Siku ya ine, saa ya mangaribi, Anaclet akapiga hodi.

«Shemeji, niko hapa.»

«Karibu, shemeji. Chai iko. Kaa.»

Akakalia kile kiti chenye kitenge. Mama Suzanne alimuona akikalia, na akamumiminia chai. Anaclet alikunywa nusu. Alikuwa amekonda toka zamani, lakini gilet ilimufanya aonekane mupana.

«Wanasema unakusanya kuni.»

«Mujane anapikaka na nini?»

«Shemeji.» Akaweka kikombe. «Sikuja kwa mubaya. Niliongea na injinieri juu yako. Nikamwambia bwana yako alitumika mingi kwa courant ya hapa. Wamekubali. Weye utaungwa bure. Jina lako limekwisha kuandikwa. Utashona na mashini ya courant, shemeji, macho yako yapumzike.»

«Aksanti. Na Mama Ornella?»

Akazungusha kikombe juu ya meza.

«Na Abdoul?»

«Abdoul ni mutu wa zahabu, atapata.»

«Nimekuuliza kama ataungwa. Sikukuuliza kama ataokota.»

«Unataka nifanye nini?» Sauti ya Anaclet ikapanda. «Serikali imetoa! Mukubwa kule juu ametia sahihi! Mimi ni nani wa kusema hapana? Nikisema kweli, réseau haitarudi kwenu, na kazi yangu itakwisha siku ile ile.»

«Siombi irudi. Injinieri alisema mbele ya watu wote. Kama tunaonyesha, tunaungwa bure. Kinachokosa ni mudomo wako tu.»

«Miaka munane, Suzanne!» Alisahau hata kusema shemeji. «Miaka munane nilikaa bila kazi mbele ya mulango wangu, watu wananipita kama jiwe. Wanasalimia mbwa, mimi hawanisalimie. Sasa asubuhi ninavaa, ninaenda. Unajua ile kitu inaitwa kuvaa, ukaenda?»

Mama Suzanne alijua. Katika miaka ile munane ni yeye aliyekuwa anamutumia bibi ya Anaclet unga, amefunika na kitambaa ili watu wasione. Hata yeye alitoa mukono umefungwa. Moyo wake ukalegea kidogo, na kwa sababu ulilegea, hasira ikaja zaidi, kwa maana hapakuwa mutu mwingine ambaye kuvunja urafiki naye kungemuuma kuliko huyu.

«Kazi ni muzuri, shemeji. Ninafurahi uko na kazi. Lakini kazi inayokukataza kusema kitu ulichofanya na mikono yako, ile si kazi. Ni kitambaa wamekufunga kwenye mudomo. Na wamekipaka rangi ya machungwa ili tuone vizuri.»

Anaclet akasimama. «Kwa hiyo unakataa?»

«Ondoa jina langu. Kama bei ni avenue yote, sinunue.»

«Hauna karatasi, shemeji. Hakuna mutu iko na karatasi.»

«Umalize chai yako,» akamwambia.

Hakumaliza.

Siku ya posho shule ilijaa. Watu wazima walikuwa wamejikunja mu viti vya watoto, magoti kwenye kidevu, na kwenye ubao kulikuwa bado hesabu za mwaka wa tatu. Serge alikuwa mbele na computer yake. Chefu wa quartier alikuwa pembeni na muhuri mu kisanduku. Anaclet alikaa kati yao wawili. Serge akasoma procès-verbal kwa Kifaransa, chefu akaitafsiri kwa ufupi sana, kama mutu anayemeza dawa: réseau ni ya Serikali, Serikali imeitoa kwa société, wakaaji ni wateja wapya.

«Kuko mutu mwenye neno?»

Abdoul akaruka. «Mimi! Zahabu yangu iko ndani ya ile transfo! Muifungue mutaiona inaangaza!»

Watu wakacheka, hata Serge alicheka kidogo. «Papa Abdoul, ninakuamini. Lakini uko na karatasi?»

«Zahabu hainaka karatasi! Uliza mutu yote wa chimbo! Ikiwa na karatasi haifike hata Bunia!»

«Basi, papa,» chefu akasema, «ukae.» Akafungua kisanduku cha muhuri. Serge akasukuma karatasi mbele ya Anaclet, akaweka bic ya kuandikia juu yake.

Hapo njo Mama Suzanne akasimama nyuma kabisa. Alikuwa na beseni kwenye kichwa, imefunikwa na kitenge, na Mama Ornella alikuwa anamufungulia njia: «Songeni, songeni, mama mujane anapita!» Alipita kati ya viti, mwenye kuhema lakini shingo sawa. Alipofika mbele, wakashusha beseni wao wawili, na Mama Suzanne akatoa kile kipande cha kaliptusi, akakiweka juu ya meza, sawasawa juu ya procès-verbal. Udongo ukamwagika juu ya maandishi.

Serge akavuta computer yake haraka. «Mama, hii ni nini?»

«Ni karatasi. Uliomba karatasi.»

Kicheko kikapita mu chumba, kisha kikafa, kwa sababu yeye hakucheka. Akageuza kipande, alama ikatazama watu.

«Chini ya kila muti munaongoa iko hii. Pembe mbili na mustari. Ni alama ya ng'ombe za bwana yangu, ng'ombe zilizopotea. Serikali haikukuwa na ng'ombe kule Bule. Nyingine kumi na sita ziko kwa nyumba yangu, na zile munane ambazo hamujangoa, twende tuchimbe sasa hivi, na weye uangalie na macho yako. Zingine, watu wako walipikia maharagi. Mungu awasamehe, hawakujua.»

Serge akainama, akaangalia alama, akaigusa na kidole. Hakuwa mutu mubaya. Lakini alikuwa na kazi yake ya kulinda. «Mama, ninaona. Lakini unifahamu. Mutu anaweza kuchoma alama kama hii hata jana.»

«Nilisema!» Mama Ornella akapaza sauti nyuma yake, machozi na hasira pamoja. «Nilisema mimi siku ile ile! Juu ya nini munaifukia? Mungeiweka juu, mbwa na mutu wangeona!»

«Nyamaza, rafiki,» Mama Suzanne akamwambia pole pole. «Ulikuwa na haki. Tulificha ili tusijivune, na sasa kunyamaza kwetu kumekuwa mali ya mutu mwingine. Lakini injinieri amesema neno la kweli. Mutu anaweza kuchoma alama jana. Njo maana sikuleta ile nyingine. Nilileta hii.»

Akaweka kidole fasi alama ilipovutika.

«Muone. Haikukaa sawa. Ni muti wa kumi na saba. Chuma iliteleza juu ya goudron, ikaruka, ikapiga mutu mu kiganja. Haikumupiga jana. Watu wote waliokuwa na akili siku ile walisikia vile alilia. Hapa mu avenue tulimucheka miaka mingi.»

Mu viti vya watoto, watu walianza kumutazama Anaclet, moja kwa moja, na mukono wake wa kuume ulikuwa juu ya meza, umefungwa, karibu na bic.

«Shemeji,» Mama Suzanne akasema. Sauti yake haikupanda. «Siku ya ine ulikuwa unaikalia, ukikunywa chai yangu. Sikukuambia, juu nilitaka uongee kwanza. Sasa weka sahihi. Hakuna mutu atakayekushika. Lakini ufungue ule mukono, uuweke hapa, pembe juu ya pembe. Ukiona havilingane, uandike kwamba Serikali ilijenga. Mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kulipa.»

«Papa Anaclet?» Serge akauliza. «Ni kweli?»

Chefu alikuwa ameshika muhuri hewani, hajui kama aushushe.

Anaclet akafungua mukono. Aliuangalia mwenyewe, si watu, kama vile alikuwa anausoma. Pembe ilikuwa pale, nyeupe, imevutika pembeni. Akainuka. Akavua gilet, mukono moja, mukono mwingine, akaikunja ine, taratibu, sawa vile mutu anakunja shuka ya hospitali. Akaiweka juu ya kaliptusi. Kisha akaweka kiganja chake juu ya alama, wazi, mbele ya injinieri na chefu, akakiacha pale mupaka wote waone.

Karatasi ilibakia chini ya udongo, na fasi ya mushahidi ilikuwa nyeupe, haina sahihi. Anaclet akapita kati ya viti vya watoto, karibu na Abdoul, karibu na Mama Ornella, akafungua mulango, akatoka.